Kitanda cha Mtoto Kilichotolewa Bure

MAELEZO YA SHAHIDI
Jina: limehifadhiwa. Umri: miaka 36. Kazi: mbunifu wa programu za simu. Makazi: nyumba ya pili nyuma ya kiwanda cha matofali.

Mimi na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, tumetengeneza programu ya kugawa bure vitu vya nyumbani visivyotakiwa. Mimi huchora kurasa, yeye huzifanya zifanye kazi. Ili kuzijaribu, nilipiga picha vitu vya kwetu: birika, stuli na kitanda cha mtoto. Kitanda nilikichagua kwa sababu mwanga wa dirishani ulikiangukia vizuri. Sikuwa na nia ya kukitoa. Mtoto wetu alifariki mwaka jana akiwa na miezi kumi.

Mnamo tarehe 9 mwezi huu, asubuhi, shemeji alinipigia simu kazini. "Shemeji, tumefungua milango! Programu iko hewani. Hata birika lako bovu limepata mchumba." Nilicheka. Sikukumbuka kwamba picha za majaribio hazijafutwa.

Mchana mtuhumiwa, ambaye ni mpaka rangi, alibisha hodi kwangu, akamwonyesha mama yangu ile picha kwenye simu. Mama alikuwa peke yake. Baadaye aliniambia, "Mwanangu, nilidhani mmepiga moyo konde. Nikamshikia mlango apite."

Mke wangu aliporudi alikuta alama nne za miguu ya kitanda sakafuni. Alikuja moja kwa moja hapa kituo cha polisi kutoa malalamiko ya wizi, hakunisubiri.

Leo tarehe 12 mtuhumiwa ameletwa pamoja na kitanda. Mkewe ni mjamzito. Mtuhumiwa amekipiga msasa na kukipaka rangi nyeupe, kazi safi kabisa. Kwenye ubao wa juu palikuwa na alama za meno mawili ya mtoto wetu. Mke wangu aliupapasa ubao huo mwanzo hadi mwisho, akarudia.

Mpaka rangi akasema, "Dada, nisamehe. Nilijua ni mikwaruzo tu."

"Ungejuaje, kaka?" mke wangu alimjibu.

Kisha akanigeukia mimi. "Kwenye picha yako, zinaonekana?"

Niliikuza picha. Hazionekani. Mwanga ulikuwa mwingi mno.

Mtu huyu hakuiba. Naomba aachiwe, na kitanda apewe.

Nimeeleza ninayoyajua, kwa hiari yangu, na nimesomewa nikayakubali.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)

Afisa: Mlalamikaji amefuta malalamiko. Mpaka rangi ameondoka na kitanda. Shahidi bado yuko kwenye benchi la nje. Mlalamikaji ameondoka bila yeye.