Majina Matatu ya Babu Yako

Mjukuu wangu Asya,

Hapa Ibra hatujambo. Mama yako kishaanua tende, na kiti cha Babu yako kipo barazani. Tangu atutoke, hakuna anayekikalia.

Unauliza kwa nini lazima umuulize mgonjwa jina kila unapomtia dawa ya mshipa, hata kama unamjua. Miaka ya tisini Babu yako alilazwa, nami nikimuuguza, na Zuwena, mtoto wa jirani, alikuwa mwanafunzi wa uuguzi kama wewe. Alikuja na bomba la dawa, mwalimu wake nyuma.

"Jina lako kamili, ami?"

"Idi hii umekula haluwa kwangu, leo hunijui?"

"Nakujua, ami. Dawa ndiyo haikujui."

Babu akacheka, akataja: Salim bin Hamed bin Rashid. Zuwena akasoma kibandiko cha bomba, mkono ukasimama. Kilikuwa kimeandikwa Salim bin Hamed bin Nasor, mzee wa kitanda cha pili. Akairudisha dawa, akaleta ya Babu, akamuuliza upya, kisha akaisukuma polepole, macho usoni pake.

Sikujua kama mtoto mdogo vile anaweza kushika roho ya mtu mkononi na asione haya kuuliza.

Tangu siku ile, Zuwena akipiga hodi, Babu alikuwa akitaja majina yote matatu kabla ya kumkaribisha. Hata wiki ya mwisho, sauti imekwisha, aliyataja.

Mungu akuhifadhie mikono yako.

Bibi yako