Kila Nikisoma kwa Sauti

Jumatatu, 4 Machi

Sijawahi kumwambia mtu: mimi husoma kwa sauti ili mdogo wangu asisikie mama akipigwa. Baba akianza maswali yake — simu ya nani, umechelewa wapi — namvuta Kitinda chini ya meza ya mama ya kukatia vitambaa. Nafungua kitabu chochote, nasoma. Sauti ya baba ikipanda, na mimi napandisha. Mimi, ambaye darasani sisikiki hata dawati la pili! Jana kilikuwa cha jiografia. Milima, mito, mvua. Kitinda aliziba masikio, akaniegemea. Nadhani inasaidia.

Jumanne, 5 Machi

Asubuhi baba mcheshi. Kamuuliza Kitinda kama chai ina meno, mbona anaiogopa. Kitinda akamtazama mama kwanza, ndipo akacheka.

Mama kavaa mikono mirefu. Joto hili. Mteja akamtania: fundi, una homa? "Natangaza biashara, shoga yangu." Wakacheka. Mimi nikatoka nje.

Jumatano, 6 Machi

Mwalimu wa Kitinda kaniita. Anasema akifungua kitabu cha hadithi, wenzake wanasogea mbele, Kitinda anaingia chini ya dawati na kuziba masikio. Leo kajikojolea.

"Na hadithi yenyewe ya sungura. Sungura kamkosea nini?"

Nikasema sijui.

Najua. Ni mimi. Kwake mtu akisoma kwa sauti, maana yake mama anapigwa. Nilitaka kumfunika, kumbe nilikuwa nampigia king'ora. Na vitabu ndivyo vitu ninavyovipenda kuliko vyote — nimemharibia.

Mwalimu anamtaka baba kesho.

Jioni nilimweleza mama. Alikuwa anatunga uzi, ukakosa tundu, ukakosa tena. Akasema ya chumbani hayaanikwi uani. Kisha, taratibu: kajikojolea kweli? Sikuelewa kama ananikataza au ananiomba.

Alhamisi, 7 Machi

Naandika nikiwa chumba cha walimu. Baba yuko kwa mwalimu mkuu, mlango umefungwa. Mama kapigiwa simu, hajafika.

Baba alikuja na shati lililonyooshwa kwa pasi. Kataniana na mlinzi getini, kamsalimu mwalimu kwa heshima zote. Mimi na Kitinda tukaitwa.

"Kitinda mimba huyo, mwalimu. Dada yake anamdekeza. Atakua tu." Akanigeukia. "Au siyo, profesa wangu?"

Huniita hivyo akiwa na furaha. Huwa nalipenda jina hilo.

Mwalimu alinitazama mimi. Kitinda alikuwa ameshika sketi yangu kwa ngumi mbili. Baba bado anatabasamu, ananisubiri. Nikawaza usiku wa leo. Nikawaza mikono ya mama.

Nilimwomba mwalimu Kitinda akacheze na wenzake. Alipotoka, nilihamisha kiti changu, nikakaa upande wa mwalimu.

"Siyo, baba," nikasema.

Nikaanza kueleza, kuanzia Jumapili.