Nahodha Anayelala kwa Mama Mkwe

Mpendwa Shangazi Lorna, naomba unisaidie kabla ya Ijumaa, siku ya mwisho ya kubadilishana wachezaji, maana mimi ni meneja wa timu ya vijana ya hoki ya barafuni hapa Dunrae, Saskatchewan, na tuko mkiani, tunachapwa kila Jumamosi mpaka mashabiki siku hizi wanakuja uwanjani kufuata supu tu, na sasa jirani zetu wa Kessock, wanaoongoza ligi, wanamtaka nahodha wetu Tanner Lavallee, mfungaji wetu wa pekee, na badala yake watatupa vijana wawili wa miaka kumi na sita, wepesi kama nini, ambao wakikomaa tutaheshimika tena, wakati Tanner ana ishirini na msimu ukiisha umri wa ligi umemtupa mkono, tutampoteza bure.

Ningekuwa nimeshakubali, Shangazi, ila wachezaji wanaotoka mbali hulala kwenye nyumba za watu wa mji, na Tanner amelala miaka yote hii kwa mama mkwe wangu Olha, ambaye sisi wa asili ya Kiukraine tunamwita Baba, yaani bibi, na amri za baba anazo kweli, naye anampenda huyo kijana kuliko mimi niliyemuoa binti yake. Alipousikia uvumi alinijia na mwiko: "We Wendell! Ukimuuza mwanangu, pirohi zangu zilizojazwa viazi utazijua kwa harufu tu!" Mke wangu akadakia, "Na mimi nahamia kwa mama!"

Basi juzi, mkesha wa Krismasi yetu ya Januari, tumekaa mezani na kile kiti kitupu cha mgeni kama desturi, Tanner akaniuliza huku anatafuna, "Bosi, eti Kessock hawana mtu wa katikati? Na kutoka hapa kwa Baba mpaka huko ni mwendo wa kikombe kimoja cha kahawa tu, sivyo?" Nikajua ananisuta, nikajifanya nimekwamwa na mwiba wa samaki, nikakimbilia msalani. Tangu hapo nikimwona uwanjani najibanza nyuma ya trekta la kulainishia barafu. Nimuuze au nimwache? Sili, silali.

Meneja Mwenye Njaa, Dunrae

Meneja Mwenye Njaa, pole sana, halafu aibu yako! Mtu mzima na ndevu zako unajibanza nyuma ya trekta?

Hebu isome tena barua yako. Kijana amebakiwa na msimu huu tu, kombe hajawahi kulishika, anakuuliza kama timu inayoongoza ligi ina pengo katika nafasi yake. Huko si kukusuta, baba wewe, huko ni kuomba ruhusa! Anaona haya kuondoka, wewe unaona haya kumwondoa, na katikati yenu pirohi zinapoa.

Na hicho kikombe cha kahawa alikiulizia nini? Mtoto anataka kombe la Kessock na kitanda cha Baba. Nani alikwambia akibadilisha jezi lazima abadilishe na mto?

Sasa sikiliza. Nawajua nyinyi mameneja, mchezaji mnamwacha asikie habari zake redioni yuko kwa kinyozi. Usithubutu! Mwite leo, mbele ya Baba, umuulize kwa kinywa chako: "Tanner, unataka kwenda?" Akisema hapana, bakini mkiani pamoja, wala si dhambi. Akisema ndiyo, piga simu Kessock papo hapo, na uwaombe wamwache aendelee kulala kwa Baba. Wale vijana wawili wapeleke kwake pia. Bibi anayeweka kiti cha mgeni asiyemjua hatashindwa kuongeza benchi.

Kisha siku Kessock watakapokuja Dunrae, na Tanner akawafunga nyinyi akiwa na jezi yao, Baba atasimama ashangilie kwa nguvu zake zote. Wewe usiseme neno. Tafuna pirohi zako.