Mjomba Anataka Nijifiche Stoo na Rimoti

Mama Mshauri, shikamoo. Naomba unisaidie mapema, kabla wageni hawajafika mwisho wa mwezi, maana nimeshaonyeshwa mahali pa kujificha na mimi sitaki kujificha.

Mimi ni mhandisi kwenye maabara ya roboti ya chuo, na miaka yote niliyokaa pale kazi yangu ni miguu, yaani mota, viungo, nyayo za mpira, kila kinachokanyaga chini ni changu, na roboti wetu tumembatiza Punda kwa sababu ana miguu minne na kazi yake ni kupandisha mizigo kwenye majengo kama letu, ambalo lifti yake ni pambo tu. Punda wako wawili, mmoja kwetu na mwingine chuo cha ng'ambo, maana huu ni mradi wa pamoja, wao wanashughulikia macho na sisi tunashughulikia mwendo, tunapeana kila tunachokipata, na sasa mradi unataka kupanuliwa, watafiti wabadilishane, mmoja wetu aende kule nusu mwaka na mmoja wao aje huku, na anayetajwa kwenda ni mimi, na Mama, sikufichi, naitaka hiyo safari mpaka naota nimebeba begi.

Tatizo ni kona. Punda anapanda ngazi vizuri kabisa, lakini pale ngazi zinapogeuka kuelekea ghorofa ya kwanza pana ukuta wa matofali ya matundu, na jua la asubuhi likipenya linachora mistari ya kivuli sakafuni, mweusi, mweupe, mweusi, mweupe, na Punda akiiona anadhani ni ngazi nyingine, basi ananyanyua mguu kukanyaga ngazi ambayo haipo, anapepesuka, na siku nyingine anaanguka na mzigo wake wote. Mpaka leo hatujapata dawa yake, na hilo kwangu si aibu, ndiyo kazi tuliyoajiriwa kuifanya.

Sasa mkuu wa mradi ni mjomba wangu, mdogo wake mama, tumbo moja, ofisini namwita Daktari na nyumbani namwita Mjomba, naye akitaka nifanye kazi ananiita mhandisi, akitaka nidanganye ananiita mpwa wangu. Miezi michache iliyopita, nikiwa nimekwenda kumuuguza mama, yeye na mwenzetu mmoja tunayemwita Tai, kwa kuwa havui tai yake hata akilala chini ya roboti kukaza skrubu, walipiga video ya Punda akipita kwenye kona jua likiwaka, bila kuyumba, wakaituma ng'ambo, kumbe Tai alikuwa amejibanza pembeni na rimoti akimwongoza hatua kwa hatua. Nimelijua hilo kwa sababu ya fundi seremala. Alikuja na futi kamba akaniambia nikae kwenye kiti anipime kimo cha macho, nikadhani natengenezewa meza mpya, nikamshukuru na maji ya baridi nikampa, kumbe alikuwa anatafuta mahali pa kutoboa tundu kwenye mlango wa stoo ya mafagio inayotazamana na ile kona, ili siku wageni wa ng'ambo watakapokuja kusaini nikae humo ndani kati ya ndoo na dawa ya kufutia sakafu, nichungulie, niendeshe, huku Tai amesimama mbele akieleza jinsi Punda anavyojionea mwenyewe. Nilipombana Tai ndipo akanieleza yote, ya stoo na ya video, na kwamba safari hii yeye hawezi kushika rimoti kwa sababu ndiye msemaji, na eti mimi ndiye mwenye mkono mwepesi. Mama, miguu nimeitengeneza mimi!

Nilimfuata Mjomba, akanijibu kwa upole, "Mpwa wangu, hii ni sherehe, si mtihani. Maabara zote zinafanya hivi, hata wao wanafanya. Wakishasaini tutapata muda wa kuishughulikia kona taratibu." Nikamwuliza, "Na ikitushinda?" Akasema, "Wewe ndiye unayesafiri, unataka nini tena?" Nyumbani ndiyo balaa, maana mama ameshaambiwa, naye hataki kusikia. "Wasiwasi wa hiyo mashine unakuhusu nini wewe? Shika rimoti, bonyeza, panda ndege." Nilipobisha akaniambia asante ya punda ni mateke, na hakuwa anamsema Punda wetu.

Kinachoniuma zaidi ni mwenzangu wa ng'ambo. Yeye ndiye mtu wa macho kule kama mimi nilivyo mtu wa miguu huku, na kila Alhamisi tunaongea kwenye kompyuta, kila mmoja na Kiingereza chake cha kuungaunga, tukishindwa tunaonyeshana waya mbele ya kamera na tunaelewana. Baada ya ile video alinipongeza mpaka akapiga makofi peke yake, akasema ameacha kabisa kazi ya vivuli kwa kuwa sisi tumeshaimaliza, na kwamba wanajiandaa kumjaribu Punda wao kwenye hospitali moja yenye ngazi na madirisha makubwa, abebe dawa na maji, apishane na wagonjwa na wauguzi. Wakati ule nilidhani kweli wenzangu wamepata ufumbuzi nikiwa sipo, na niliporudi nikamwona Punda anaanguka tena, nikadhani ni hitilafu ya miguu yangu. Tangu nilipojua, Alhamisi mbili zimepita, ya kwanza nilizungumzia mota tu, ya pili alipouliza habari za kona nilimwambia mtandao unasumbua, nikakata.

Mama Mshauri, usiniambie nivumilie, wala usiniambie nimheshimu mjomba, namheshimu, ndiye aliyepigania mpaka tukapewa chumba wakati wakubwa wa chuo walikuwa wanatucheka, eti tunachezea midoli. Lakini rimoti sishiki. Nilichopanga ni kukubali, niingie stoo kama walivyotaka, nisubiri Punda afike katikati ya kona wageni wote wakimtazama, kisha niitumbukize rimoti kwenye ndoo ya maji, nifungue mlango, nitoke niwasalimie. Nifanye hivyo? Au nikatae mapema, safari ife, mradi ufe, na ukoo mzima uniite msaliti?

Ni mimi, Mtengeneza Miguu.

MAMA MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, Mtengeneza Miguu. Kwa fundi seremala nilicheka mpaka machozi, halafu nikafika kwenye hospitali, kicheko kikakatika.

Nikwambie mapema kwamba mashine pekee ninayoifahamu mimi ni ya kufulia, nayo inanisumbua. Lakini uongo naufahamu vizuri, maana nimekaa kwenye ukurasa huu nikiusoma kila wiki. Hilo neno la mjomba wako, kwamba wote wanafanya hivi, hata wao wanafanya, mimi huandikiwa na waume za watu. Halijawahi kumsaidia hata mmoja.

Kukataa, kataa. Hapo hatuna mjadala, na wala hukuniandikia ili nikwambie hilo, ulishaamua kabla hujashika kalamu. Bora lawama kuliko fedheha. Atakayekuita msaliti mwache aite mpaka koo limkauke.

Sasa ngoja nikugombeze, maana na wewe umezidi. Mtandao ulikuwa mzima, binti yangu. Aliyesumbua siku ile ni wewe. Unamlaumu Tai kwa kujibanza pembeni, na wewe ukajibanza nyuma ya mtandao, mbele ya mtu aliyekupigia makofi kwa moyo mmoja. Kila Alhamisi unayonyamaza, mwenzako anajenga juu ya kitu ambacho hakipo, na wewe unajua. Ile video waliipiga bila wewe, sawa. Huu ukimya ni wako mwenyewe.

Na hiyo habari ya ndoo ifute kichwani. Naelewa utamu wake, hata mimi nimeiona picha nikatabasamu, mjomba ametoa macho, tai ya Tai imelegea. Lakini hebu fikiri. Ukikubali, ukaingia stoo, ukasubiri, utakuwa umemdanganya mjomba wako ili umwaibishe kwa kuwadanganya wengine. Hapo ukweli umegeuka fimbo ya kumchapia mtu, na wageni wataondoka wakikumbuka ugomvi wa kifamilia, kona hakuna atakayeikumbuka. Tena Punda akianguka na kuvunjika, ni miguu yako itakayovunjika.

Mjomba wako simtetei, lakini mtu aliyechekwa na wakubwa wake miaka yote hiyo ana hofu ya kuchekwa tena, na hofu imemfanya apige kiini macho. Ameshindwa kuona alichonacho mkononi. Wenzake wa ng'ambo wanatengeneza macho ya roboti ndani ya vyumba vyao, bila jua la kona yenu, na umeniambia mwenyewe kwamba mtu wao wa macho ameacha kazi ya vivuli akiamini nyinyi mmeimaliza. Basi hicho mnachotaka kukifunika ndicho wanachopaswa kupanda ndege kuja kukitazama. Mficha uchi hazai. Mkiificha kona, hao wageni watakuja kusaidia kitu gani? Watakula, watapiga picha, watarudi.

Fanya hivi. Mfuate kesho, ofisini, si nyumbani, maana nyumbani mama ataingia na yatageuka mambo ya nani alimlea nani. Mwambie kwamba Alhamisi utamweleza mwenzako wa ng'ambo kuhusu kona, yote, pamoja na jinsi video ilivyopigwa. Kama anapenda kuongea mwenyewe na mkubwa mwenzake kule kabla ya hapo, anayo nafasi mpaka Jumatano jioni. Nafasi hiyo mpe kwa moyo safi, asije akasema umemvizia. Lakini usimwongezee hata siku moja, hata akikuita mpwa wake mara ngapi. Na mwenzako ukimpigia, anza na hospitali, kabla ya salamu za familia, wasimpandishe Punda wao kule. Halafu omba msamaha wa ule mtandao.

Siku ya wageni, wakija, wapeleke kwenye kona asubuhi, jua likiwa kali kabisa, na anayeeleza uwe wewe. Punda akipepesuka, apepesuke. Mnyooshee kidole kivuli, waulize wao wangefanyaje. Mtu wa kazi akiona tatizo ambalo hajawahi kuliona kwa macho yake, hakumbuki hata chai. Nao wasipokuja, kona bado ni yenu, na kazi yake mtaifanya bila mgeni.

Mama yako usibishane naye, hutamshinda na wala si lazima umshinde. Akitaja ndege, mwulize swali moja tu: nikifika kule, asubuhi ya kwanza, wakaniambia haya mhandisi, mpitishe Punda kwenye kivuli tukuone, stoo yao iko wapi? Nusu mwaka utaishi na watu hao, meza kwa meza. Njia ya mwongo ni fupi, na hii yako itakatikia hapo hapo kwenye maabara yao, ukiwa ugenini, bila mjomba wala Tai.

Inawezekana safari ikafa. Sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Wageni wanaweza kukasirika wasirudi, mjomba akakununia mwaka mzima, akakupa kazi ya kuhesabu betri. Utalia, lia. Lakini mgonjwa anayeshuka ngazi za hospitali ile ameshika ukuta hajaulizwa na mtu kama yuko radhi kuangukiwa na mzigo wenu ili wewe upande ndege. Yeye hana mjomba kwenye huo mradi. Kwa sasa ana wewe tu.

Kwa hiyo kesho usikae kwenye kiti cha wageni ofisini kwake, ukikaa utaletewa chai na maneno laini. Simama. Mwambie, "Daktari, siingii stoo." Akisema lolote, rudia vilevile, halafu toka ukafanye kazi yako.