Silinda Zilizopumzishwa

Tunduma

Baba Lusajo, mume wangu,

Nakusalimu. Goti lako linasemaje na baridi ya Ikinga? Maharage mmeshayang'oa? Mimi ni mzima. Vumbi la malori linanikohoza, lakini mjukuu niliyekuja kumlea sasa anatembea, anavunja vikombe.

Nimeandika kwa mkono wangu kwa sababu kila nikipiga simu yako anapokea Mama Tusekile. Simu ya mume, sauti ya mke mdogo. Anauliza, "Nimwambie nini, dada?" Halafu anakufikishia nusu.

Sasa sikiliza. Mpwa wako alipopita hapa alinipa maneno yako: upande wa mwanaume wanakuja kumposa mjukuu wetu Atupele, nami nisisumbuke kusafiri, nipumzike, Mama Tusekile atawapokea. Nilidhani ni huruma.

Juzi mwanao Lusajo aliletewa gereji gari kubwa la kutembelea, mojawapo ya haya yanayovushwa kwenda Zambia. Dereva alilalamika kuwa injini inabadilisha mlio njiani. Lusajo akaenda kulijaribu, nikapanda naye mpaka Mpemba. Tulipofika tambarare mlio ukapungua kweli, kama mtu aliyeshusha sauti. Nikamwambia gari linakufa hili. Akacheka, akasema halifi, limepumzisha silinda.

Umelisikia neno hilo? Nikamtaka anieleze yote.

Anasema injini ile ina silinda sita, yaani vyumba sita vya kuchomea petroli, na kila chumba kina pistoni inayosukumwa na ule moto. Barabara ikinyooka, mzigo ukiwa mwepesi, nguvu za zote sita hazihitajiki. Basi kompyuta ya gari inazinyima tatu petroli. Oili inasukuma kipini kidogo, na valvu, ile milango ya kuingiza hewa na kutoa moshi, haifunguki tena. Hewa inafungiwa humo humo. Pistoni zake hazisimami, zinapandishwa na kushushwa na zile tatu zinazokula, zinabana hewa ile ile na kuiachia. Mafuta yanaokolewa. Mlima ukija, dereva akikanyaga, milango inafunguka, petroli inarudi, zote sita zinavuta, na aliyekaa ndani hata hajui.

Nikamuuliza kama zinapokezana.

"Kwa gari hili hapana, mama. Zinapumzishwa tatu zile zile."

"Zimechoka?"

"Nzima kabisa."

"Nani kazichagua?"

"Waliolitengeneza."

Baba Lusajo, mimi nani kanichagua? Mama yako alipolala kitandani, nani alimgeuza ubavu? Upepo ulipoezua nyumba, nani alibeba bati kichwani kutoka Isongole? Hiyo ilikuwa milima, ukaniita. Leo ni siku ya kukaa jamvini na kitenge kipya, wageni waulize mama mwenye nyumba ni yupi, nimekuwa mtu wa kupumzika. Nani amekuambia nimechoka? Huyo unayemweka mahali pangu, hata njia ya kisimani nilimwonyesha mimi.

Usije ukasema nina wivu kama umenikamata naiba. Ninao. Ninao tangu siku ulipomleta, nikaupika pamoja na chakula chenu mkala.

Nakuja. Alhamisi nashuka Isongole. Njoo unipokee mwenyewe, usitume mtu. Mama Tusekile apike, mkono wake wa wali ni mzuri, sikatai. Lakini jamvini, ubavuni mwako, nakaa mimi. Kama umeshamwahidi nafasi hiyo, mwondoe kwa mdomo wako kabla sijafika. Usiniachie mimi kazi hiyo.

Nisalimie dada yako, wifi yangu, mwambie dawa ya kifua nimempatia. Msalimie mdogo wako mzee wa kanisa. Atupele asikubali neno mpaka nimwone huyo mwanaume anavyokula.

Najua macho yako hayawezi maandishi, na msomaji wa nyumba hiyo ni mmoja. Basi Mama Tusekile, salamu zako hizi hapa, mdogo wangu. Mwite wifi akae karibu asikie. Halafu rudi juu, mwanzo wa barua, usome kwa sauti, na usiruke mstari.

Ni mimi mke wako wa kwanza,
Mama Lusajo