Sauti ya Baba Ndani ya Sanduku Lililofungwa

Namba 9, Mtaa wa Kestrel,
Ballarat, Victoria.
Jumanne, 15 Oktoba 2024.

Mpendwa mdogo wangu Lyall,

Kwa heshima zote, na kwa idhini ya mume wangu Trevor na mbwa wake, natangaza rasmi kwamba kompyuta tano zilizokuwa zikiunguruma chumba cha kufulia tangu mwaka 2011 zimestaafu. Hapakuwa na hotuba. Mbwa alinusa mahali zilipokuwa, akaenda zake.

Hamjambo huko Aberdeen? Goti la mkeo Morag linaendeleaje, na mwanenu Isla ameshazoea kazi mpya? Sisi ni wazima. Presha ya Trevor inapanda na kushuka kufuatana na kriketi, na daktari ameshakata tamaa na vyote viwili. Mimi siumwi kitu, ila tangu jana sijalala, ndiyo maana mwandiko huu unafanana na wa Baba.

Usishangae kupata karatasi. Barua pepe zangu zimefungiwa mahali, na kwa kuwa sijui nianzie wapi, afadhali nianzie hapo.

Unanijua nilivyo. Tangu nistaafu maktaba ya shule nimejifundisha mwenyewe mambo ya seva, kwa kusoma mabaraza ya mtandaoni ambako wanaume wasio na majina hunitukana kwa upole. Nilikuwa na kompyuta moja ya picha, moja ya barua, moja ya kuzuia matangazo, moja ya kutunza maneno ya siri, na ya tano, ile kuukuu ya kijivu, ya vitu vya Baba. Zote zilikula umeme na kupasha joto nguo safi. Basi nikanunua sanduku moja la mtumba lenye nguvu, nikazihamishia humo kama mashine pepe: kompyuta tano zisizo na mwili, ndani ya moja yenye mwili, na kila moja inaamini iko peke yake nyumbani. Ni kama sisi tulivyobanana chumba kimoja kule shambani Jeparit, ila hizi hazipigani mateke.

Nilipomaliza nikalifunga sanduku kwa neno la siri lenye herufi arobaini, ili mwizi akiliiba asiambulie kitu. Neno lenyewe nikalihifadhi panapostahili, kwenye ile mashine ya kutunza maneno ya siri. Wiki nzima mambo yakaenda vizuri, kwa sababu sanduku halikuzimwa hata mara moja. Jana mchana ikapiga radi, umeme ukakatika dakika mbili. Uliporudi, sanduku likaniomba neno la siri.

Nikakaa juu ya kikapu cha nguo. Trevor alikuja kutafuta soksi, nikamweleza.

"Kwa hiyo ufunguo umo ndani ya nyumba, na nyumba imefungwa," akasema.

"Ndiyo."

"Na wewe ndiye mwenye akili kwenye ukoo wenu."

"Nimebaki mimi. Lyall yuko mbali."

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo ninapoogopa. Picha hazininyimi usingizi. Binti yetu Kim anazo zote. Ni ule ujumbe wa simu. Ule Baba aliokuachia jioni ya siku mliyogombana juu ya shamba, naye asubuhi yake hakuamka. Hukuweza kuusikiliza. Ulinikabidhi niutunze, na mimi sikuusikiliza kwa sababu haukuwa wangu. Miaka tisa sasa. Simu yako ilishakufa, nakala nyingine duniani haipo. Ulipoandika Agosti kwamba sasa uko tayari, ndipo nikasema ngoja kwanza nipange kila kitu vizuri.

Utauliza nakala ya akiba. Ipo. Imo ndani ya sanduku.

Na zile kompyuta za zamani tulizipanga kwenye majani mbele ya nyumba Jumamosi, kwa ajili ya siku ya takataka kubwa, manispaa inapopita kuzoa vitu vizito. Kabla ya kuzitoa, Ijumaa jioni, nilizifuta kumbukumbu zote moja baada ya nyingine, nikitia alama ya vema kwenye orodha. Orodha ninayo hapa mezani. Ina alama tano.

Huenda nimefuta sauti ya Baba kwa mkono wangu, Lyall. Nimeitazama ile alama ya tano mpaka imeacha kuwa na maana. Nilitaka nikupigie simu, nikaogopa kusikia ukinyamaza.

Jumatano.

Sikuipeleka posta. Asubuhi, akipaka mkate siagi, Trevor amekumbuka kwamba Ijumaa aliniita mezani nikiwa bado na kalamu mkononi, kwa sababu nyama ilikuwa inapoa na yeye hali nyama iliyopoa. Nami huweka vema ninapoanza kazi, si ninapoimaliza. Tabia hiyo Baba aliikemea tangu nina miaka kumi. Kwa hiyo ya tano labda niliianza, labda sikuianza.

Lori la manispaa lilipita Jumatatu. Lakini kabla ya lori hupita Dudley wa namba 14, ambaye gereji yake nzima imetoka kwenye majani ya watu. Nikaenda na ndala zangu.

"Jirani, ulikitupa au hukukitupa?" akaniuliza. "Maana kikishalala kwenye majani, ni changu."

"Nilikitupa. Sasa nakiomba."

"Kile cha kijivu? Kizito kile. Nimekipa kazi."

Kazi yenyewe ni kushikilia mguu wa nyuma wa karavani yake, ile nyumba ya magurudumu ya kukokotwa na gari. Siku nne kilibeba karavani, tena na ile mvua ya radi. Aliinua kwa jeki polepole, mimi nimeziba mdomo kwa kiganja. Ubavu mmoja umebonyea.

"Kuna nini humu, mama, dhahabu?"

Nikamwambia kuna baba yangu. Dudley akavua kofia, akanibebea mpaka jikoni.

Mara ya kwanza haikuwaka. Mara ya pili ililia kama kuku anayekanyagwa. Nilitoka nje nikazunguka tangi la maji, nikarudi. Mara ya tatu ikawaka. Vitu vya Baba vipo. Sikuwa nimeanza kufuta.

Nimetoa nakala tatu. Moja iko kwa Kim, moja kwenye kisanduku cha ndoana cha Trevor, na moja ni hiyo flashi niliyokufungia humu. Lile sanduku jipya bado limenikatalia. Nitalifuta nianze upya, na neno la siri nitalibandika kabatini kando ya dawa za presha, mahali ambapo mwizi hawezi kulikosa.

Ilinibidi nihakikishe ujumbe unafunguka, kwa hiyo nimeusikiliza, nimesimama. Nisamehe. Ukitaka kuusikia mwenyewe kwanza, usigeuze karatasi hii.

Msalimie Morag, umwambie goti halitaki ngazi. Mbusu Isla. Shangazi Hilda anawasalimu, Kim pia, na Trevor anasema kriketi ya kwenu si kriketi. Mungu awafunike huko kwenye baridi, na akupe moyo mwepesi siku utakayokaa kusikiliza.

Dada yako akupendaye, na aliyekuogopa siku mbili nzima,
Glenys

(Nyuma ya karatasi)

Ni sekunde saba. Anasema, kama vile hamkugombana, "Lyall, huku imenyesha milimita nne." Halafu anakata simu.