Mtani kwenye Kaburi la Afande

Jumamosi, jioni. Ukungu umeshuka kutoka milimani tangu asubuhi na haujapanda tena. Kandambili zangu ziko nje ya mlango, zimejaa tope jekundu la Uluguru, na sina hamu ya kuziosha.

Leo tumemzika Afande Agripina.

Kwa mnaosoma hapa na hammjui: alikuwa mkuu wa utawala chuo kikuu, pale mume wangu Rajabu alipofanya kazi mpaka akastaafu. Jina la Afande alikuja nalo kutoka jeshini. Wakati wa vita vya Kagera alikuwa binti mdogo kwenye kikosi cha mawasiliano, kazi yake kusikiliza redio ya adui kutwa na kufumbua mafumbo yao. Adui naye alizungumza Kiswahili, kwa hiyo maneno aliyaelewa; shida ilikuwa kujua wanamaanisha nini wanapoulizana habari za ng'ombe na harusi. Padri amesema leo kwamba kikosi kizima hakuna aliyemfikia. Siwezi kubisha. Alikuwa na masikio, Mungu amlaze anapostahili.

Nimesema anapostahili. Sikusema pema.

Masikio hayo akaja nayo Morogoro. Ilikuwa miaka ya ruksa, viwanda vya mjini vinauzwa kimoja baada ya kingine, na chuoni likaingia neno jipya: kupunguzwa. Madereva, wapishi, watu wa bustani, wote waondoke, kazi zao wapewe makampuni. Wakaanza kupanga mgomo kwa siri. Rajabu alikuwa mtu wa redio ya upepo, ndiye aliyeongea na madereva wakiwa safarini Gairo au Turiani. Yeye na dereva mmoja, Lyimo, wakatunga lugha yao ya matusi ya utani. Rajabu akimtukania Lyimo mjomba wake, kikao kipo. Akimtukania shangazi, kimeahirishwa. Walijiona wajanja sana. Nani atashtuka kusikia watu wanataniana redioni?

Afande alishtuka. Yeye Mluguru, sisi Wanyamwezi, watani wake tangu enzi za misafara, na utani wa makabila aliujua kama jina la mama yake. Lyimo ni Mchaga. Mtani wa Mchaga ni Mpare. Mnyamwezi na Mchaga hawana utani wowote; sasa huyu anamtukania mwenzake mjomba kila wiki, na mwenye mjomba hanuni, kwa nini? Akajifungia ofisini na redio yake, akawa analinganisha matusi na siku ambazo watu hawapatikani majumbani kwao. Kabla mgomo haujaanza, Lyimo na wenzake wote walikuwa wameshafukuzwa.

Wote isipokuwa Rajabu.

Mimi mjinga nilidhani ni huruma ya utani. Nikaenda ofisini kwake kushukuru. Akanimiminia chai, akanieleza kila kitu kwa raha zake, kama mtu anayesimulia harusi yake. Mwisho akasema, "Mtani, ukishafumbua fumbo la adui, asijue umelifumbua. Mtafutie mtu wa kumlaumu." Nikamwambia nitakwenda kuwaambia watu. Akanisogezea sukari. "Waambie. Nani atakuamini wewe, mke wa yule aliyebaki kazini?"

Basi Rajabu akabaki kazini, na hiyo ndiyo ilikuwa adhabu yake. Wakamwita msaliti mbele ya watoto wake. Mpaka anastaafu hakuna aliyekaa kunywa naye chai. Mama mkwe alipofariki walikuja watu wa msikitini na majirani; kutoka kazini hakuja hata mfagizi. Yeye hakujitetea. Mimi nilizunguka kujieleza nyumba kwa nyumba mpaka akaniomba niache, akasema maneno ya mke hayamsafishi mume.

Ndiyo maana niliposikia Afande amekufa, nilifurahi. Naandika hivyo hivyo, asiyependa asisome. Msibani mtani ana ruhusa ya kusema lolote, hata juu ya jeneza, na hakuna wa kumnyamazisha. Wafanyakazi wote wa zamani wangekuwepo. Nikamwambia Rajabu leo nakurudishia jina lako. Akaenda kunitafutia mwavuli.

Kaburi lilichimbwa kwa ukoo wa mama yake, huko juu kwenye mashamba ya kabichi. Kabla sanduku halijashushwa nikajilaza njiani kulizuia, kama mtani anavyotakiwa, nikavua kandambili moja nikaibana sikioni, nikakunja uso kama Afande akisikiliza redio. Watu wakaanza kucheka. Nikasimama, nikasema. Nilisema yote: redio, mjomba, shangazi, chai, sukari. Nikasema huyu ndiye aliyewauza, Rajabu hajawahi kumuuza mtu. Machozi yakanitoka yenyewe.

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Dada wa marehemu alinifuta machozi kwa kanga yake, akiwaambia wenzake mtani huyu anajua kuigiza. Kadiri nilivyolia ndivyo walivyocheka. Lyimo alikuwa mbele, mzee sasa, ameegemea fimbo, meno yote nje.

Mtu mmoja tu pale angejua kwamba sitanii, na walikuwa wanamteremsha kwa kamba.

Wakati wa kushuka mlima Lyimo alinishika mkono nisiteleze. "Shemeji, leo umetuvunja mbavu," akasema. "Nisalimie huyo msaliti wako."

Nimemkuta Rajabu amekaa barazani, hata redio hakuwasha. Akaniuliza kama nimesema. Nikamjibu nimesema. Akaniuliza kama Lyimo alikuwepo.

"Alikuwepo. Amekusalimia."

Nikaishia hapo. Akauliza tena, amenisalimia yeye mwenyewe, kwa mdomo wake? Nikasema ndiyo. Si uongo.

Sasa hivi yuko chumbani anapiga pasi shati lake la sikukuu ya Idi. Anasema kesho asubuhi anakwenda Mafiga, kunywa chai kwa Lyimo. Ameniita kuniuliza kama nakumbuka Lyimo alikuwa anapenda tangawizi, ili ambebee. Nimemjibu alikuwa anaipenda.

Nimwambie leo, au nimwache alale usingizi huu mmoja?